Maziwa ya Kuondokea

Mama mkwe wangu hakuwahi kumruhusu mtu atoke kwake na tumbo tupu. Ukisafiri alfajiri, hata kama unaishia mnadani Katesh, lazima kwanza unywe maziwa ya kibuyu yenye samli juu, naye amesimama palepale kuhakikisha kikombe kimekwisha. Alihakikisha kwa masikio. Niliolewa kijijini Gendabi macho yake yakiwa yameshafunikwa na ukungu, kwa hiyo miaka yote tuliyoishi pamoja alinijua kwa sauti, kwa vishindo vya miguu na, kama alivyopenda kuwaambia wageni nikiwa nasikia, kwa ugali wangu wa Kimbulu usioiva.

Mimi ni Mwiraqw, Mmbulu wa Dongobesh, yeye Mbarbaig. Lugha yake ilinishinda na yangu hakutaka kuisikia, tukakutana kwenye Kiswahili na kugombana humohumo. Lakini nilimpenda. Naandika hili wazi kwa sababu watu wakisikia mke na mama mkwe wanafikiria paka na panya tu. Nilipojifungua mtoto wa kwanza alikaa nyuma yangu, akanikumbatia mabega, na hakuniachia mpaka mtoto alipolia. Mama yangu mzazi alikuwa mbali, na siku ile sikuhisi pengo lake.

Mtaalamu wa macho aliyepita kwenye zahanati yetu alisema ule ni mtoto wa jicho, upasuaji mfupi tu, ataona. Upasuaji wenyewe ulikuwa hospitali ya mbali, nasi mwaka ule ukame ulikuwa umetumaliza. Mume wangu alikuwa amehama na ng'ombe waliobaki kutafuta malisho. Ndipo kwenye kikundi chetu cha kina mama nikasikia kuna hospitali kubwa, safari ya basi kutoka Katesh, inatafuta watu wazima wenye afya nzuri wa kujaribiwa dawa mpya ya malaria. Unalala kwao siku kadhaa, wanakupima, kisha wanakulipa fidia ya muda wako. Ilitosha kumpeleka mama na kumrudisha. Sikumwambia, maana ningemwambia angekataa.

Kwenye simu waliniagiza nisile kitu tangu jioni. Nikatii. Ugali niliutazama tu, chai sikuigusa. Alfajiri mama akanipa kikombe changu, nikanywa, nikamshukuru, nikapanda bodaboda. Kule muuguzi, dada mmoja mpole aliyehamishiwa pale kutoka Bukoba, akaniuliza kama nimekula chochote. Nikasema sijala, tena kwa kujivuna. Katika boma lile maziwa ya kuondokea hayahesabiwi na mtu yeyote. Ni kama kuagwa.

Majibu yalipotoka, akanivuta pembeni. Akasema mafuta kwenye damu yangu yako juu mno, sukari nayo imepanda. Sikufaa.

Nilipandwa na hasira. Mimi ninayepanda kilima na ndoo kichwani na mtoto mgongoni, leo mashine inasema sina afya! Nilimwambia hivyohivyo, kwa sauti, na watu wakageuka kunitazama. Yule dada hakukasirika. Akaniketisha, akaniomba nimsimulie kila kilichopita mdomoni mwangu tangu jana. Nilipofika kwenye kikombe, akauliza ni kikubwa kiasi gani. Nikamwonyesha kwa mikono. Nilipotaja samli akafumba macho kidogo, akaenda kuongea na daktari. Alirudi na habari kwamba nitapimwa tena baada ya wiki mbili, mara moja tu, na nikishindwa basi.

Njia nzima ya kurudi niliwaza kile kikombe. Kukimwaga kwa siri nisingeweza, kwa sababu yule mama alisikia hata koo likimeza. Kukikataa ilikuwa sawa na kumwambia sitaki baraka zako. Mwishowe, jioni moja tukichambua maharage, nilimwambia kwamba safari ijayo sitakunywa maziwa.

Akauliza, "Maziwa yangu yameoza?"

"Hapana, mama. Wanataka damu ya mtu mwenye njaa."

"Watu gani hao wanataka mtu mwenye njaa?"

Ikabidi nimweleze yote, dawa, fidia na macho. Vidole vyake vilisimama juu ya ungo.

"Wanakuchoma sindano kwa ajili ya macho yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na ukifa?"

"Wanatuangalia kila saa. Nikiona siwezi, naondoka, hakuna wa kunizuia."

"Mimi nimeona ng'ombe wengi," akasema. "Nimeona mlima, nimeona watoto wangu. Inatosha."

"Mimi hujaniona."

Yalinitoka hivyo tu, kwa ukali ambao sikuukusudia. Alisukuma ungo, akaingia ndani, na siku zilizofuata tuliongea mambo ya mbuzi na kuni tu. Niliumia sana.

Alfajiri ya safari nilivaa taratibu, viatu mkononi, nikitumaini kumpita. Nikamkuta mlangoni na kibuyu. Nikajua nimekwisha, kwa sababu mkono ule ukinyooshwa mbele yangu nitakunywa, niharibu kila kitu. Lakini mkono wake mwingine ulishika majani mabichi, ambayo alikuwa ameyachuma kwa kupapasa nyuma ya nyumba, pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagika. Aliyachovya kwenye maziwa, akanitafuta kwa kiganja, akaninyunyizia miguuni, mikononi na kifuani, huku akiongea kwa lugha yake maneno ambayo hata leo siyajui yote.

"Leo utayavaa," akasema. "Na usilambe vidole."

Nilicheka na kulia hapohapo. Nikamwambia shikamoo kama ndiyo kwanza tumekutana, naye akaitikia marahaba.

Muuguzi alipotaka kunitoa damu alikuta vidoa vyeupe vimekauka mkononi. Akauliza ni nini. Nikasema ni maziwa, lakini safari hii hayakupita mdomoni. Alivifuta polepole kwa pamba, akachoma. Mchana aliniita akiwa na tabasamu, nami nikajua kabla hajafungua mdomo. Nimefaa. Walinisomea upya yale maelezo yote ya dawa na hatari zake, wakaniuliza tena kama nakubali, nikakubali. Niliingia wodini na khanga mbili.

Sitadanganya kwamba sikuogopa. Kidonge cha kwanza kilipokuwa kwenye ulimi nilikumbuka wanangu wote kwa mpigo. Kichwa kiliniuma, kikapoa. Kila jioni jirani alimpa mama simu, na kila jioni swali lilikuwa moja, kama wameniachia sasa nile.

Miezi michache baadaye nilikaa pembeni ya kitanda chake, katika hospitali ya macho, wakati daktari akimfungua bandeji ya jicho la kwanza. Mama alipepesa. Aliangalia dirisha, akaangalia koti la daktari, akaangalia viganja vyake mwenyewe na kuvigeuza. Kisha akanitazama mimi, na akatazama muda mrefu mpaka nikaona aibu, nikaanza kurekebisha kilemba. Nilitegemea atatania pua yangu, au ule ugali.

Akachukua mkono wangu, akaukunjua, akatafuta kwenye kiwiko mahali palipochomwa. Pameshapona, hakuna cha kuona. Hata hivyo aliweka kidole gumba hapo na kubonyeza kidogo.

"Sauti yako ni ya mama mtu mzima," akasema. "Kuni, maji, ng'ombe, mimi, vyote nilikutupia wewe."

"Ndiyo kazi yangu, mama."

Akatikisa kichwa, bado ananitazama usoni.

"Kumbe wewe ni mtoto hivi," akasema, na lile jicho jipya likajaa machozi, daktari akitukataza tusilie.