Uzi wa Nyavu Shingoni

Mimi nilisoma miaka miwili tu ya primeri. Nyumba yangu ya matofali ya mutaa wa Mangobo niliijenga kwa kusuka nyavu. Kwa hiyo juu ya kufunga fundo, mutu asinifundishe.

Muke wangu alipata kanyama kadogo ka ngozi kwenye kope, kananing'inia kama punje ya muchele. Hakakumuuma, lakini akishona nguo kanamuziba jicho. Nikamwambia:

"Lete, nifunge na uzi wa nyavu. Siku tatu kanaanguka. Sisi wavuvi wa maporomoko ya muto tunafanya hivyo tangu zamani."

"Papa, jicho langu si samaki. Anza na kako."

Kweli, nilikuwa nako shingoni, pale kola inasugua. Bon, nikakafunga. Fundo letu sisi, likilowa linazidi kukaza. Ndiyo uzuri wake. Na mimi ninaoga asubuhi na mangaribi.

Siku ya pili kanyama kakawa keusi. Nikasema: "Unaona? Kanakufa." Siku ya tatu shingo yote ilivimba, usaha unatoka, ninatetemeka kwenye jua kali. Muke wangu aliacha kushona. Aliita pikipiki.

Kwenye kituo cha afya, mama muuguzi alishindwa kufungua lile fundo. Akalikata.

"Papa, nani alikufanyia hivi?"

"Mimi mwenyewe."

"Na unakunywa dawa ya sukari?"

"Miaka mingi."

"Papa, mutu wa sukari hajifungi, hajikati, hajipaki dawa za kuunguza za soko. Kidonda kama hiki kinaweza kukupeleka."

"Wapi?"

"Unapajua."

Muke wangu akasogeza kiti. "Na haka ka jicho? Alitaka kukafunga pia."

Yule mama akamushika muke wangu kidevu. Kisha akakaangalia kwenye mwanga. "Haka hakana ubaya. Lakini ka kope ni kazi ya dokta wa macho peke yake. Na kanyama kokote kakibadilika rangi, kakikua mbio, ao kakitoa damu, mukalete kwanza."

Mimi nilimeza vidonge siku saba. Muke wangu, dokta wa macho alimupiga sindano ya ganzi, akakakata, naye hakusikia maumivu. Siku walipomutoa bandeji, alikaa mbele yangu, akafunga jicho moja, halafu lingine.

"Yote inaona?" nikauliza.

"Yote. Sikujua umezeeka hivi."

Nikamwambia aende akashone.