Kabati la Bi Kufuli

Pale shirika la umeme la jiji walimwita Bi Kufuli, na mwenyewe alishazoea. Kazi yake ilikuwa kuwazuia wadukuzi wasiingie kwenye kompyuta na kuwazimia watu taa. Ukimsalimia, anakuuliza lini mara ya mwisho umebadilisha nywila. Wenzake walimpenda, ila wakimwona anasubiri lifti, walipanda ngazi.

Shida yake ilikuwa moja. Kompyuta za ofisini, zile za kuandikia barua na kuangalia mpira kwa siri, zilikuwa kwenye mtandao mmoja na mitambo inayoongoza umeme wa jiji zima. Mwizi akiingia kwenye kompyuta ya karani wa malipo, keshafika kwenye swichi za hospitali. Bi Kufuli alitaka fedha za kuutenganisha mtandao huo, na kila mwaka bodi ilimsikiliza kwa adabu, ikanywa chai yake, ikamshukuru. Fedha zikaenda kwenye transfoma. Wala si kwa ubaya, jamani. Transfoma inazinduliwa: kuna utepe, kuna mkasi, kuna picha gazetini. Mtandao uliotenganishwa utaukatia utepe wapi?

Safari hii aliponyimwa tena, alirudi nyumbani akilia kwa hasira. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, alimwacha amalize.

"Mama watoto, unawauzia watu hewa," akasema. "Wape kitu cha kushika."

"Kitu gani sasa? Hakuna cha kushika!"

"Mimi nitakichomelea."

Akachomelea kabati la chuma refu kuliko mlango, akalipaka rangi ya fedha, akalitia taa za kijani zinazokonyeza. Ndani hamkuwa na kitu. Bi Kufuli alirudisha maombi yake yaleyale, kabati likiwa mbele, na bodi ikapitisha kila kitu kabla chai haijapoa. Mwenyekiti alikata utepe amevaa suti mpya. Kisha mafundi wa mitandao wakaingia kimyakimya, wakafanya kazi ambayo hakuna aliyekuja kuipiga picha.

Haukupita muda mrefu, karani wa malipo akafungua barua pepe iliyomwahidi friji ya bure. Kompyuta za ofisini zikafa moja baada ya nyingine. Lakini jijini haikuzimika hata taa moja. Madaktari waliendelea kupasua, vinyozi wakaendelea kunyoa, na hakuna aliyejua ameponea wapi. Bi Kufuli alijifungia chooni, akacheka mpaka machozi.

Mwaka uliofuata aliomba fedha za kuajiri vijana wa kuilinda mitambo usiku na mchana. Mwenyekiti akamkatiza huku anatabasamu.

"Dada yangu, tumeshakutangulia. Fedha zote tunatengenezea makabati. Kila wilaya na lake!"

Wajumbe wakapiga makofi. Bi Kufuli alijua makabati hayo hayatamlinda mtu. Angeweza kunyamaza akapongezwa, halafu siku wezi wakirudi wasimkute mtu. Akasimama, huku moyoni ameshaanza kuiaga kazi.

"Mheshimiwa, lile kabati ni tupu. Halijawahi kuwa na kitu. Alilitengeneza mume wangu."

Mwenyekiti alimtazama, kisha akainua macho kwenye picha kubwa ya uzinduzi iliyotundikwa ukutani, yeye na mkasi wake. Hakuwa mjinga. Jasho lilimtoka, akalifuta, akakohoa.

"Tupu," alisema taratibu. "Sasa kama tupu limetulinda hivyo, likijaa itakuwaje? Ndugu wajumbe, napendekeza fedha ziende kwa hao vijana. Wakalijaze."

Mikono yote ikanyooka. Bi Kufuli alibaki amesimama, aibu na furaha vikimgombania, akiwaza atamwambiaje mumewe kwamba sasa kabati linatakiwa liwe na viti vya hao vijana.