Niliitwa Upupu

Kwetu milimani upupu ni mmea unaotambaa juu ya miti, na ukiyagusa maganda yake yenye manyoya utajikuna mpaka ulie. Ni jina la shule ya msingi pia, kwa sababu kiwanja chake kilifyekwa upupu kwa siku tatu kabla ya kuchimbwa msingi. Na ni mimi. Mwalimu akiniita Upupu wa Upupu, darasa zima lilianza kujikuna.

Nilizaliwa baada ya ndugu zangu watatu kufa. Mtoto wa hivyo hapewi jina zuri. Hupewa jina ambalo kifo kikinyoosha mkono kitaurudisha upesi. Nililijua hilo tangu utotoni, wala halikunipunguzia hasira. Majina ya wale watatu sikuyajua. Nyumbani hayakutamkwa.

Ukubwani nikahamia mjini, Kihonda, nikawa karani wa kiwanda kidogo. Huko jina langu likiitwa zahanati, watu kwenye benchi walisogea pembeni wakicheka. Mwaka jana nikachoka. Nilikwenda kwa wakili nikaandikiwa hati ya kiapo ya jina jipya, jina lililonijia tu siku moja nikifua nguo, nikalipenda. Sitaliandika hapa.

Baada ya wiki nikapanda kwa mama na hati yangu. Alikuwa uani anapepeta maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona hukusema kama unakuja?"

Mama hajui kusoma, nikamsomea. Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Nani kakwambia jina hilo?"

"Hakuna mtu. Nimelichagua mwenyewe."

"Marehemu baba yako hakukutajia?"

"Hapana, mama."

Akauweka ungo chini. Ukungu ulikuwa umeshashuka mpaka kwenye migomba.

"Ni la yule wa tatu," akasema. "Alikufa ndiyo kwanza ameanza kuliitikia."

Nilijitia kucheka, nikasema majina mazuri ni machache, lazima watu wagongane. Hakucheka. Alinigusa paji la uso kwa mgongo wa kiganja, kisha shingoni, akitafuta homa. Niliogopa, nikamwambia kesho yake nitarudi kwa wakili likafutwe.

"Umeshaliitikia?" akauliza.

Nilikuwa nimeliitikia wiki nzima kazini. Niliuokota ungo nikaanza kupepeta.

Tangu siku ile mama hunipigia simu kila asubuhi. Haniiti kwa jina lolote. Nikisema haloo hunyamaza, akasikiliza ninavyopumua, kisha akakata.