Mizinga Yangu na Dhahabu ya Jirani

Shule niliishia darasa la tatu, lakini hapa Ipole hakuna aliyetundika mizinga mingi porini kunizidi. Jirani yangu, ambaye wazazi wake walitoka Burundi, ana michache tu.

Mwaka jana chama chetu cha wafuga nyuki kilitaka mtu mmoja wa kupeleka asali kwenye maonyesho mjini Tabora. Nilikuwa nimeshawaambia wanachama wachague kwa wingi wa mizinga.

Siku moja kwenye banda la chai, wakati televisheni inaonyesha mbio, jirani akasema nchi ya wazazi wake, ndogo vile, imewahi kupata dhahabu ya Olimpiki, na sisi Watanzania bado.

Wivu ulinikaba. Nikamwambia, "Dhahabu si kipimo. Hesabu watu tuliowapeleka. Hesabu na waliomaliza mbio."

Akapuliza chai yake. "Mzee wangu, shikamoo. Kumbe hata mzinga usioingia nyuki tunauhesabu?"

Banda zima likacheka, maana wanajua nusu ya mizinga yangu ni mitupu. Katibu wa chama alikuwepo, naye akauliza palepale nani huvuna ndoo nyingi zaidi kwa kila mzinga. Wote wakamtazama jirani.

Jirani ndiye aliyekwenda, akarudi na cheti. Nilikwenda kumpongeza kama ilivyo desturi, akanionjesha asali yake. Nilitafuta kasoro, sikuiona, na mpaka leo hilo ndilo linaloniuma.