Kiganja cha Mpima Barafu

Kila asubuhi ya majira ya baridi, kabla gari lolote halijashuka kwenye ziwa lililoganda, mama mpima barafu hutangulia na mtaimbo wake. Hugonga mara mbili, huinamisha kichwa kama anayenong'onezwa, kisha husogea hatua tatu. Glovu ya kulia huibana kwapani hata baridi iwe kali vipi. Orvin, anayemfuata kwa gari akikokota kibanda chake cha kuvulia samaki juu ya barafu, huona hayo ni maringo tu.

"Mama, vaa glovu, vidole vitakatika!" humtania. Yeye huendelea kugonga.

Leo ukungu umelala ziwani, barafu na mbingu zimekuwa kitu kimoja, na mama anaelea humo kama ndoto. Orvin ana haraka. Samaki wa macho meupe anaowavua hula mapema. Akapiga honi mgongoni mwa mama. Hakugeuka. Akapiga tena, ndefu. Wapi!

Orvin akaizima injini. Majira kumi na moja ya baridi amepita juu ya maji kwa kumwamini kiziwi!

Akashuka, akamshika bega. Mama akamtazama usoni, akaelewa.

"Umejua, eeh? Vua glovu."

Akakiweka kiganja cha Orvin kwenye chuma cha mtaimbo, akagonga. Mtetemo ukampanda Orvin hadi kiwikoni, mrefu, safi. Wakasogea hatua tatu, akagonga tena. Safari hii mtetemo ulifia kiganjani, kama vile wamegonga boga lililooza.

Orvin akaruka nyuma kabla hajaambiwa kuwa barafu hapo ni nyembamba.

Mama akacheka. "Kumbe unasikia!"