Matundu Mawili Niliyoyaziba

Juzi nilipigiwa simu kutoka Ruiru, nikaambiwa kwamba fundi wa bunduki niliyefanya kazi chini yake amefariki. Sikuamini. Nikawapigia watu wengine wawili, na mmoja wao, wa Mwiki, akaniuliza, "Sasa wewe unataka nikuletee cheti cha kifo?" Mnisamehe. Ni marehemu aliyenizoeza kutoridhika na neno la mtu mmoja.

Alikuwa akipima bunduki za polisi wa akiba kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, nje ya Thika. Bunduki ililazwa juu ya mifuko ya mchanga, akafyatua risasi tano bila haraka, kisha akapima kwa rula umbali wa matundu mawili yaliyoachana zaidi kwenye karatasi. Yakisongamana, hata kando ya shabaha, bunduki ni ya kuaminika, kulenga hurekebishwa. Yakitawanyika, hairudi kwa mwenyewe. Yakisongamana kupita kiasi, alishuku bahati, akapiga tena.

Siku moja aliniachia nipime bunduki ya askari wa Kalimoni, aliyetakiwa kuingia doria ya wezi wa ng'ombe jioni hiyo. Matundu matatu yaligusana, mawili yakapotelea pembeni. Nilidhani ni mkono wangu, nikaona haya. Nikayaziba hayo mawili kwa karatasi na gundi, kama tulivyoziba shabaha kuukuu ili zitumike tena. Fundi aliporudi, alipitisha kidole nyuma ya karatasi.

"Gundi ni mbichi. Umepiga ngapi?"

"Tatu, mzee."

Askari, aliyekuwa akingoja bunduki yake hapo kando, akadakia, "Ai, fundi, nipe hiyo kitu niende! Hata mama watoto unampima na rula?"

"Yeye ndiye alinipima, akanipata mbaya. Wewe keti."

Akainama kwenye changarawe, akaokota maganda matano ya risasi, akayapanga mbele yangu. Kisha akafungua kitako cha bunduki. Mbao ilikuwa na ufa penye skrubu, mtutu ukicheza. Askari akaketi.

Fundi hakunishtaki. Lakini mwaka mzima alihesabu maganda nyuma yangu, na nilimchukia kwa hilo. Kwenye mazishi watasema alikuwa mpole. Hakuwa. Alinishuku, na alikuwa na sababu.

Siku hizi nikiletewa kazi isiyo na doa, nauliza kilichoachwa nje. Naanza na yangu. Nilificha kosa nikidhani ni langu, kumbe lilikuwa la bunduki, na mtu mwingine ndiye angekufa nalo.