Rubisi ya Kumuaga Karani

Melkiory wa Kimuli alizidi kwa adabu. Ng'ombe mwenye pembe ndefu kama nguzo za kanisa alimkanyaga kidole, na Melkiory ndiye aliyeomba radhi kwa kuweka kidole njiani. Basi siku karani Aristides wa mgodi wa bati alipomwambia, baada ya miaka saba ya kuosha mchanga, "Kesho usije," alijibu nini? Alisema asante!

Mkewe, Kokugonza, nusura aumeze mwiko.

"Umeiba?"

"Hapana."

"Umemtukana mtu?"

"Hapana, Mama Deodatha. Kasema tu kesho nisije."

"Na hukuuliza kwa nini?"

"Mtu akikutoa kwake, humhoji."

"Kwake! Mgodi aliachiwa na babu yake?"

Kahawa ilikuwa mbichi mtini. Wangekula nini mpaka ivunwe? Lakini Melkiory alikuwa na lililo kubwa zaidi kichwani: hajaaga. Akakata ndizi za pombe, akazifukia shimoni siku sita, akazikamua katika mtumbwi wa kukamulia pombe, akatia mtama, akaacha zichachuke. Siku ya nane akajitwika kibuyu cha rubisi mpaka mgodini, kama mgeni mwungwana anayemshukuru mwenyeji. Aristides akanywa, akajifuta midomo, akaandika kitabuni huku akitamka: Ameaga, ameacha kazi mwenyewe.

Elpidius, mdogo wake Melkiory, aliwahi kuwa tarishi wa boma. Aliposikia alicheka, kisha akamgeukia Kokugonza.

"Shemeji, mtu anayelipwa kwa mwezi hafukuzwi hivi hivi kama kuku jikoni. Kama hana kosa, anapewa taarifa mwezi mzima kabla, au anapewa mshahara wa mwezi huo aende zake. Ila aliyeacha mwenyewe hapati kitu. Na kaka kajiachisha kwa kibuyu!"

Kokugonza akashika kichwa kwa mikono miwili. Akaomba kipande cha mumewe, ile kadi ambayo karani hutia alama kila siku ya kazi, akamtaka Elpidius amsomee. Kisha akamburuta mumewe mpaka kwenye baraza la kesi, huko Ndama. Walitembea siku mbili, na jinsi mwanamke yule alivyokasirika, vilima vilimpisha.

Mbele ya Bwana Shauri, Mzungu aliyeamua kesi, Aristides aliitwa, akafungua kitabu. "Huyu aliaga mwenyewe. Hata rubisi alileta."

"Ni kweli, Bwana," akasema Melkiory, akiinama.

Kokugonza akamfinya mbavu mpaka akainuka wima. "Bwana Karani, shikamoo. Rubisi hiyo ilikuwa imeiva?"

"Barabara."

"Na aliacha kazi siku ile ile aliyoileta?"

"Siku ile ile. Tarehe ishirini na tano."

"Hiki hapa kipande chake. Alama ya mwisho ni ya tarehe kumi na saba. Hizo siku nane mume wangu alikuwa wapi? Kama alikuwa kazini, mbona hukumtia alama? Kama alikuwa nyumbani anangoja ndizi ziive, nani alikuwa amekwisha mrudisha?"

Aristides akafunua kurasa, akafunua tena. "Pengine... pengine aliitengeneza usiku mmoja."

Wazee wa baraza wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti: "Karani, tuletee mche wa mgomba huo! Sisi wetu huku unatuweka wiki nzima na kiu!"

Bwana Shauri aliposikia tafsiri alitabasamu kidogo, kisha akaacha kutabasamu. Akaamuru mshahara wa mwezi utolewe pale pale, na kitabuni yafutwe yale maneno, iandikwe: Ameondolewa bila kosa, bila taarifa.

Nje ya baraza Melkiory alizitazama zile shilingi kana kwamba ni za marehemu. "Lakini Mama Deodatha, kwa fedha hizi sijaosha mchanga hata konzi moja. Si aibu?"

"Ilikuwa haki yako tangu aliposema usije. Ni wewe tu hukuijua."

"Mtu atasema..."

"Atasema nini? Miaka saba nyasi zimeshinda migomba yetu. Una mwezi uliolipwa. Kalime!"

Akazifunga shilingi kwenye pindo la kanga, akashika njia ya Kimuli bila kumngoja.